Adui wa Inchi Sita

Nilimpata Killmonger Matuu, kwenye rundo la vidoli vya mtumba, akiwa hana mkono wa kushoto. Mama aliyekuwa akiuza alikuwa ametandaza turubai la bluu kando ya barabara ya Thika kwenda Garissa. Juu yake kulikuwa na dubu wa manyoya, magari yasiyo na magurudumu, farasi wa zambarau, na vile vidoli vidogo vya McDonald's ambavyo hutufikia Kenya ingawa McDonald's yenyewe haijawahi kufungua hoteli hapa. "Chagua hamsini hamsini, mrembo." Nikachagua. Akaniona nikimgeuzageuza, akasema huyo amevunjika, leta 30 tu. Ndio hivyo. Mtu aliyempindua mfalme wa Wakanda nilimnunua kwa shilingi 30, na nauli ya kurudi Masinga ikawa ghali kumliko.

Hiyo ilikuwa 2022, miezi michache baada ya kuacha chuo nikiwa mwaka wa tatu. Sababu ni ile unayoijua: karo ilikuwa imelimbikizana, na kila nilipopiga hesabu nilikuta deni linakua haraka kuliko elimu. Nikarudi nyumbani na laptopu, na tangu hapo naishi kwa kuandika. Makala machache yana jina langu. Mengi hayana, manake ni insha za wanafunzi wa Marekani wanaolipa mtu wa Ukambani akeshe akiwaandikia. Nimewaandikia kuhusu ukoloni, kuhusu majumba ya makumbusho, na mara mbili kuhusu Black Panther yenyewe. Mojawapo ilipata A. Sijui ya nani.

Vitu vyangu vya Killmonger sasa ni tisa, na vinakaa kwenye kreti ya soda niliyoisimamisha ukutani. Kuna vidoli viwili vya Hasbro vya inchi sita, yule wa mkono mmoja na mwenzake mzima. Kuna Funko Pop mwenye kichwa kama boga, miguu imetafunwa na mbwa fulani wa Marekani. Kuna kimtu cha Lego kisichofika urefu wa kidole gumba. Kuna kinyago cha plastiki cha mtoto kuvaa, ila mpira wake ulishakatika. Kuna fulana mbili, bango moja lililokunjwa mara nane, na kikombe ambacho mwaitu alikuwa ameanza kupimia unga kabla sijakiokoa. Wakusanyaji wenyewe wangenicheka. Nenda Nairobi kwenye NAICCON, lile kongamano la komiki, utakutana na wasee ambao hawajawahi kutoa kidoli kwenye boksi lake. Boksi likiwa na kona iliyobonyea, bei inashuka. Kwangu hakuna boksi hata moja. Vyote vimeshachezewa na watoto nisiowajua, wakachoka navyo, vikatiwa kwenye mafurushi na kuvushwa bahari.

Swali ambalo kila mtu huniuliza, kuanzia mwaitu hadi boda wa stejini, ni kwa nini adui. Kwa nini nisikusanye T'Challa, ambaye angalau ni mfalme? Na kwa nini nisikusanye Lupita, ambaye ni wetu?

Kama ulikulia kwenye vibanda vya video unajua kwamba dunia ina watu wawili tu, stelingi na adui. Mimi nilikulia hapo. Ilikuwa shilingi 20, benchi lisilo na mgongo, blanketi kwenye dirisha, na sauti ya DJ Afro juu ya sauti ya muvi ikikuambia kwa Kiswahili na Sheng mambo ambayo waigizaji hawajasema kabisa. Kila nchi ya jirani ina wake. Tanzania walikuwa na Lufufu, Uganda wana VJ Jingo. Sheria ya kibanda ni moja: stelingi hafi. Adui naye hana nyumbani wala mama, ana bunduki na kicheko, na ukimwona anakula mezani na wasichana pembeni unajua dakika zake zimebaki chache. Lakini mtafsiri mzuri humwonea huruma. Humpa mizaha, humpa jina la mtaa. Kwa masikio yangu maneno matamu yote yalikuwa ya adui, kwa sababu stelingi alikuwa na kazi ya kupigana na hakuwa na muda wa kuongea.

Halafu ikaja Black Panther, Februari 2018. Onyesho la kwanza la Afrika lilifanywa Kisumu, tarehe 13, kwa heshima ya Lupita Nyong'o ambaye babake ndiye gavana. Huku kwetu tuliletewa utani badala ya onyesho: ati Wakanda na Wakamba ni tofauti ya herufi mbili tu, kwa hivyo vibranium lazima iko chini ya Bwawa la Masinga na ndiyo maana serikali ilifunika na maji mwaka wa 1981. Nilikuwa kidato cha nne. Niliiona likizo ya Aprili, kibandani Matuu, kopi ambayo kuna mtu anapita mbele ya skrini katikati ya pigano. Na kwa mara ya kwanza adui alikuwa na mama, alikuwa na nyumbani, na alikuwa na swali.

Hadithi unaijua, nitapita haraka. Erik Stevens anazaliwa Oakland, jina lake la Kiwakanda ni N'Jadaka. Babake, mwanamfalme wa Wakanda, anauawa mwaka wa 1992 na kaka yake mwenyewe, mfalme T'Chaka, na mtoto anaachwa huko huko kana kwamba hakuwahi kuzaliwa. Mtoto anakua. Anasoma chuo cha wanamaji cha Annapolis, kisha MIT (nilipoacha chuo hapo ndipo nilipaona vizuri zaidi: hata adui ana digrii kunishinda), anakuwa askari muuaji, halafu anarudi kudai kiti. Swali lake kwa baraza la Wakanda ni rahisi kuliko silaha zao zote. Mlikuwa na nguvu hizi miaka yote. Sisi tulipokuwa tukiuzwa, tukitawaliwa, tukiuawa, mlikuwa wapi?

Hakuna mtu katika muvi hiyo anayemjibu. Nimeitazama mara kumi na zaidi, na hakuna. T'Challa, nikimpa haki yake, analibeba swali hadi kwa babake kwenye nchi ya mababu na kumwambia mlikosea wote. Ndio mahali pazuri zaidi pa stelingi. Lakini mwishoni jibu la Wakanda ni kununua majengo Oakland na kufungua kituo cha kusaidia jamii. Swali la miaka 500 linajibiwa kwa mradi. Sisi tuliokulia kwenye nchi za miradi tunajua ubao wa mradi unavyobaki umesimama miaka kumi baada ya mradi wenyewe kwenda zake. Na anayezitungua ndege za Killmonger zisiondoke na silaha ni jamaa wa CIA, aliyeketi kwenye maabara ya Shuri, na sisi tunatarajiwa kushangilia. CIA, waliopanga njama za kumuua Lumumba. Ryan Coogler na Joe Robert Cole waliiandika hadithi hii kwa akili nyingi, ndiyo sababu pahali hapa pananikera. Hawakuwa wajinga. Walijua.

Ujanja wao mkubwa uko kwingine. Ukimpa adui swali la haki, hadhira itahamia upande wake, kwa hivyo lazima umchafue haraka. Hapo ndipo nilichelewa kuona, na nakiri kwa sababu hii ni sehemu ambayo mashabiki wenzangu huwa wanairuka. Nilipoitazama tena nikiwa nyumbani, chuo kimeisha, nilianza kuhesabu. Msimamizi wa jumba la makumbusho anatiliwa sumu: mwanamke. Mpenzi wake, aliyemsaidia wizi wote, anampiga risasi bila kusitasita: mwanamke. Mzee anayetunza bustani ya lile ua la wafalme ananyanyuliwa kwa koo: mwanamke. Mlinzi wa Dora Milaje anakatwa shingo. Wanaume pia anawaua, lakini kwa wanaume kuna sababu, kuna kisasi, kuna pigano. Kwa wanawake hakuna hata sentensi. Nakumbuka vizuri kibandani, yule mpenzi alipoanguka. Tulinyamaza, kisha mtu nyuma akacheka, na mimi nikacheka pia. Nilikuwa na miaka 18 na nilikuwa upande wa mapinduzi.

Kwa hivyo ni wasanii waliomchafua ili tusimsikilize, ama ni yeye ambaye hawezi kukomboa mtu akiwa hivyo? Nimebadilisha jibu mara nyingi. Siku hizi nadhani ni yote mawili, na muvi inaokoka kwa sababu haituambii ni lipi. Wanaomvaa Killmonger kwenye fulana na kusema alikuwa sahihi, basi, wameitazama nusu muvi. Wanaosema alikuwa muuaji tu wameitazama nusu nyingine. Mpenzi wake hana hata kidoli. Nimetafuta.

Sasa tuje kwa kidoli, kwa sababu kidoli nacho ni uhakiki. Mtu fulani ofisini aliamua ni dakika gani ya mhusika igandishwe kwenye plastiki, na uamuzi huo unasema anavyoielewa muvi. Vidoli vyangu vyote viwili vimevaa lile vazi la chui lenye madoa ya dhahabu. Tazama vizuri: hilo vazi si lake. Analichukua kwenye maabara baada ya kumtupa T'Challa kwenye maporomoko. Ni dakika ambayo anafanana na stelingi kuliko wakati mwingine wowote. Kilicho chake hasa kiko chini ya vazi. Ni kile kifua chenye vinundu, kovu moja kwa kila mtu aliyemuua, ngozi nzima imegeuzwa daftari. Vazi limefunika daftari. Kwa mtoto wa miaka sita sawa, naelewa, nani atampa kidoli chenye hesabu ya maiti? Lakini matokeo yake ni kwamba ukimweka T'Challa na Killmonger kando kando kwenye rafu, unachoona ni chui mweusi na chui mwenye dhahabu. Ugomvi wa rangi za nguo. Swali limebaki dukani.

Kile kinyago cha kuvaa ndicho kinachonipa shida zaidi, na kukieleza inabidi nirudi kwenye eneo la jumba la makumbusho, ambalo ni dakika chache tu lakini kwangu ndilo kitovu cha muvi nzima. Killmonger amesimama mbele ya kabati la vioo London. Anamuuliza msimamizi vitu vimetoka wapi, na yeye anajibu kwa kujiamini sana. Cha kwanza anasema ni cha kabila la Bobo Ashanti wa Ghana. Hapo mimi huwa nacheka peke yangu. Bobo Ashanti ni Marasta wa Jamaika. Sijui kama waandishi walikosea ama walimkosesha yeye makusudi, lakini limekaa vizuri: mtu mwenye funguo za kabati hajui kilichomo. Kisha Killmonger anamsahihisha kuhusu chombo kingine, anasema askari wa Uingereza walikichukua Benin lakini kilitoka Wakanda, na kwamba leo kinaondoka. Anamuuliza wahenga wake walilipa bei gani walipovichukua.

Hadi hapo tuko pamoja. Halafu, wizi ukiwa umekwisha, anachukua pia kinyago chenye pembe kilichokuwa hapo. Si cha Wakanda. Hakina vibranium. Mtu anayejua atakuambia kimeigwa kwenye vinyago vya Waigbo, Nigeria. Anakichukua kwa sababu kimempendeza, basi. Anakivaa akienda kumtoa Klaue kizuizini. Yaani huyu aliyekuja kurudisha vya watu ameondoka na cha watu wengine. Nadhani hilo ndilo jambo la kweli zaidi ambalo muvi imesema kuhusu kukusanya, na imelisema bila neno. Kampuni nazo zikapiga chapa sura yake kwenye plastiki, na mimi nikanunua. Kuna msemo kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Hausemi lolote kuhusu kinyago kilichochongwa na mtu wa tatu, kikaibwa na mtu wa nne, kikauzwa kwa furushi Gikomba.

Wakati naandika moja ya zile insha za usiku, nikitafuta mifano ya vitu vya Kenya vilivyo nje, nilikutana na jina ambalo sikulitarajia. Gene Hackman. Kama wewe ni mtoto wa Marvel huenda humjui; alifariki 2025. Ndiye aliyekuwa Lex Luthor kwenye Superman ya 1978, adui wa sinema za kubuni sayansi kabla ya hawa wetu kuzaliwa. Na mpango wa Lex Luthor, kama hujauona, ungemfanya achaguliwe mbunge huku kwetu. Ananunua jangwa kwa bei ya kutupa, kisha anataka kuizamisha pwani ya California kwa kombora ili jangwa lake liwe ufuo wa bahari. Mnyakuzi wa ardhi, basi, hata hahitaji maelezo.

Mwaka wa 1990, Hackman na mtayarishaji wa filamu Art Linson walikipa kituo cha makumbusho ya sayansi cha Denver vigango 30. Kama hujafika Kaloleni wala Malindi: kigango ni nguzo ya mbao iliyochongwa na Wamijikenda, hasa Wagiriama, kwa ajili ya mzee wa chama cha Gohu aliyefariki. Si sanamu ya kumkumbuka tu. Roho yake inakaa hapo, inalishwa, inazungumziwa. Familia ikihama, kigango hakihami. Kinaachwa kioze mahali pake, na kuoza huko ndiko mwisho unaostahili. Kuanzia miaka ya sabini na themanini viling'olewa vingi usiku, vikauzwa kwenye maduka ya watalii, vikafika Los Angeles vikawa sanaa ya sebuleni. Hakuna anayesema Hackman aliiba. Alikuwa mkusanyaji. Alipenda kitu, kikauzwa mchana kweupe, akanunua, baadaye akatoa kama zawadi. Ni vile tu mimi nilivyofanya pale Matuu, tofauti ni kwamba hakuna familia inayougua kwa sababu nina Funko Pop. Mwaka wa 2014 Denver ilitangaza kuvirudisha vyote 30 kwa makumbusho ya taifa ya Kenya. Kabla ya hapo kulikuwa na familia moja ya karibu na Kaloleni iliyoibiwa vigango viwili 1985 na kuvipata tena 2007, kwa sababu mtafiti aliyekuwa amevipiga picha vikiwa vimesimama nyumbani alikuja kukitambua kimoja kwenye picha za jumba la Marekani.

Niliketi na hiyo habari usiku mzima, na insha ya mtu ikachelewa. Lex Luthor mwenyewe, kwenye maisha halisi, alikuwa na vitu vyetu ukutani. Nami Ukambani nina vitu vyao kwenye kreti. Mwaka wa 2021 makumbusho ya Nairobi yaliweka maonyesho yaliyoitwa Invisible Inventories, kutokana na mradi uliokuwa umeorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo kwenye taasisi za ng'ambo. Walichoonyesha kwa sehemu ni makabati matupu. Sikuhudhuria, nilikuwa najificha watu wa karo. Lakini nimeyafikiria hayo makabati matupu zaidi ya nilivyofikiria maonyesho mengi niliyoyaona kwa macho.

Umau wangu alikuwa mchongaji. Alijifunza Wamunyu, kule ambako uchongaji wa kuuza Ukambani ulianza na Mutisya Munge, aliyerudi kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa na ufundi wa watu wa kusini mikononi. Umau alishuka Mombasa miaka ya sabini akachonga Changamwe, kwenye ushirika wa Akamba Handicraft. Alichonga nini? Wamaasai. Mmaasai na mkuki, Mmaasai na ngao, na twiga. Alichonga maelfu. Nyumbani kwetu hakuna hata kimoja. Mwaitu hukumbuka twiga mmoja aliyepasuka sikio ambaye hangeweza kuuzwa, walimchezea hadi akaisha. Vingine vyote viko kwenye vyumba vya wageni Ujerumani na Uingereza, bila jina lake, jinsi insha zangu zilivyo huko bila jina langu. Nilimuuliza kama aliwahi kuviona vigango vikiuzwa pwani. Akasema ndiyo, na kwamba wachongaji aliokaa nao hawakuvigusa. "Vile havikuwa vya kuuza," akasema, kwa namna ile ya mtu anayekuambia nyama fulani hailiwi.

Ni yeye aliyeuona mkono wa kushoto haupo. Alikuwa amekuja kuomba chaji ya simu, akamchukua Killmonger kwenye kreti, akamwangalia bega lile lenye tundu. Ana miaka zaidi ya 80 na vidole vinatetemeka. Akauliza huyu ni nani. Nikamwambia ni adui. Akauliza alifanya nini. Nikaanza kueleza, Oakland, babake, ami yake, kiti cha mfalme, na kwa Kikamba hadithi yote ikageuka kuwa kesi ya shamba: mtoto wa marehemu amerudi kudai fungu lake na wazee wanasema hawamjui. Umau akasikiliza hadi mwisho.

"Sasa huyo ni adui wa nani?"

Nikasema ni wa mfalme. Akasema babake mfalme ndiye aliyeua. Nikasema ndiyo, lakini huyu naye aliua wanawake wasio na hatia. Akanyamaza. Akasema hapo amejiharibia kesi. Kisha akaondoka na kidoli mfukoni na chaji yangu.

Alikirudisha baada ya siku nne. Mkono ni wa mwarobaini, hauna rangi, umepigwa msasa hadi unang'aa, na ngumi yake ni kubwa kidogo kuliko inavyofaa. Ameufunga kwa uzi wa kushonea viatu kupitia lile tundu la bega, kwa hivyo unazunguka. Hauna vazi. Sijui kama alijua au aliona tu ni raha, lakini kuanzia bega hadi kiwiko ameweka vidoa vidogo kwa ncha ya kisu, vimepangwa safu. Sikuwahi kumwambia kuhusu makovu. Nimejaribu kukumbuka kama nilimwambia, na sidhani.

Mwezi wa tatu msee mmoja wa Nairobi aliona picha niliyoweka na kuniuliza bei. Anataka wote wawili wa inchi sita, jumla 4,500. Kwa hela hizo ningelipa bando miezi kadhaa, na kuna kabrasha moja chuoni ambalo mtu alinidokezea linaweza kufunguliwa tena nikianza kupunguza deni. Nikamtumia picha zaidi. Akajibu kwamba yule mwenye mkono wa mbao anaweza kumchukua kwa 500 tu, na afadhali nikiung'oa kabla ya kumtuma, manake kitu kikishaongezwa kitu kisicho cha kiwandani, wakusanyaji hawakihesabu. Hakuwa na ubaya wowote. Aliniambia bei ya soko, na kwa soko yuko sahihi.

Nilimuuzia yule mzima. Nilimpeleka kwa matatu ya Matuu, nikamfunga kwenye gazeti kwa sababu hakuna boksi. Hela nimezitumia, nusu kwa deni na nusu kwa mambo ambayo hayakuhusu.

Sasa vimebaki vitu vinane. Mpwa wangu wa miaka sita amegundua kwamba mkono unazunguka, na kila Jumamosi akiletwa kwetu anamshusha Killmonger kwenye kreti bila kuniomba. Mwanzoni nilimfokea. Nilimwambia hicho si cha kuchezea, na mwaitu akiwa jikoni akauliza kwa sauti kidoli si cha kuchezea ni cha nini, na sikuwa na jibu la kumpa mtu anayesonga ugali. Anampeleka nje kwenye mchanga. Wiki jana nilimsikiliza kutoka dirishani akimpiganisha na chupa ya Fanta. Killmonger alikuwa anashinda. Nikamuuliza, huyo ni stelingi ama ni adui? Akasema, "Anti, huyu ni fundi." Akaendelea.

Uzi umeanza kulegea begani. Nimemwambia Umau, amesema nilete Jumapili.